Maji ya Zulia

Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya maziwa. Nikajisemea, hilo ni vumbi la kawaida, nyumba gani haina. Kijana akamimina ndoo ya pili, akapiga magoti juu ya zulia, akasugua kwa brashi kufuata upande manyoya yanakolalia, kisha akatwaa ubao wenye mpira akayasukuma maji kutoka katikati kwenda pindoni. Safari hii yalitoka meusi. Si weusi wa tope, weusi wa kahawa iliyosahauliwa mekoni. Yakateremka juu ya saruji, yakapita chini ya gari ambalo mwenzake alikuwa akilipiga povu, yakaingia mtaroni. Ndoo ya tatu ikatoa yale yale. Ya nne vilevile. Akanyanyua uso unaotiririka jasho, akaniuliza kwa adabu zote: "Mama, hili lilikuwa likifagiliwa?"

Nilikosa la kujibu. Zulia hilo nimelifagia kila siku ya Mungu tangu liwe mikononi mwangu, madirisha wazi, nikianzia upande wa kibla na kumalizia kizingitini kama nilivyofunzwa. Wageni wameingia wakasema mashaallah. Nami nikaamini zulia langu ni safi, kwa ushahidi ule ule tunaowaaminia watu: hatujaona doa. Sasa nimeketi kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara, pahala pa kuoshea magari, naangalia ushahidi wangu ukienda mtaroni mbele ya makanga na waendesha bodaboda. "Linafagiliwa," nikasema, na sauti yangu mwenyewe niliisikia ndogo. Kijana akatikisa kichwa, si kwa kunikanusha, kwa kunihurumia. "Basi ufagio unalipapasa tu, mama. Mchanga uko chini."

Mchanga uko chini. Zulia la kufumwa kwa mkono lina mtande na mshindio wa pamba, na juu yake mafundo ya sufu, moja moja, maelfu kwa maelfu, yamefungwa na vidole vya mtu ambaye hatutamjua kamwe. Vumbi jepesi hukaa juu ya manyoya, na hilo ndilo ufagio hulichukua, tena nusu yake hulirusha hewani likarudi kutua ukiwa umeshageuka. Mchanga ni mzito, hushuka. Hupenya kati ya fundo na fundo mpaka kwenye shina, ukakaa pale. Na mchanga wa kisiwa hiki cha Mombasa ni matumbawe yaliyosagika, kila chembe ina makali yake. Mguu ukikanyaga juu, chembe hukata chini. Ndiyo maana zulia linaweza kung'ara miaka ishirini, halafu siku moja ukaliona lina upara mahali ambapo kila mtu hupita. Halikuchakaa siku hiyo, lilikuwa likinyolewa kwa ndani muda wote huo. Wazee walilijua hili bila ya kuelezwa. Zulia kwao halikutiwa maji kabla ya kupigwa: lilifudikizwa, likachapwa mgongoni kwa fimbo, mchanga ukarudi ulikotoka, tena lilichapwa mpaka kulipokuwa hakutoki kitu. Anayeanza na maji anaugeuza mchanga kuwa tope na kulizika humo humo. Kijana wangu, Mungu ambariki, alianza na fimbo. Nilisahau kusema hilo. Alilichapa karibu nusu saa, majirani wakafunga madirisha.

Zulia lilikuwa la mama. Kwa mama lilitoka kwa babaake, na kwa babu lilitoka baharini. Miaka ile majahazi ya Ghuba yakiteremka na upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba, Bandari ya Kale ya Mombasa ilijaa milingoti. Yalileta tende, chumvi, na mazulia ya Ajemi yaliyotandazwa juu ya sitaha ili mnunuzi ayaone kwa jua, huku akinyweshwa kahawa. Kusi likianza kuvuma yakapandisha tanga kurudi kwao na boriti za mikoko. Babu hakuwa mtu wa kununua zulia. Alilipokea badala ya deni. Nahodha aliyekuwa akidaiwa alilitupa mlangoni likiwa limeviringwa, likinuka chumvi na papa mkavu, akasema tumelipana. Harufu hiyo, mama alikuwa akihadithia, ilikaa nyumbani mwezi mzima, na bibi alikataa kulala chumba kimoja nalo. Kwa hiyo hata siku ya kwanza zulia hili halikuingia kwetu likiwa safi. Liliingia na deni la mtu na bahari nzima.

Kutoka hapo ndipo ilipoanza sheria. Nimelelewa katika nyumba yenye zulia ambalo sikulikanyaga. Lilikuwa chumba cha wageni, na chumba cha wageni kilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa katika upindo wa leso ya mama. Tulilitazama kutoka mlangoni, tukiwa tumeshika miimo kwa mikono miwili kana kwamba ndani mna kisima. Jekundu la komamanga iliyopasuka, katikati duara la buluu, pembeni vijiua ambavyo nilivihesabu mara nyingi sana kwa macho hata nikawa naviota. Mchana dirisha lilifungwa jua lisilipaushe. Usiku lilifungwa unyevu usiingie. Mgeni akija, na awe mgeni wa kweli, mposaji au sharifu au mtu aliyetoka Maskati, mlango ulifunguliwa, na mama akaketi pamoja naye huku akiangalia kikombe chake kuliko uso wake. Sisi tuliishi juu ya mkeka. Tulikula juu yake, tukasoma, tukapigana, tukalala, tukaumwa surua. Asubuhi uliinuliwa, ukakung'utwa mara tatu nje, ukaegemezwa ukutani, na chini yake sakafu ya chokaa ikafagiliwa ikabaki tupu. Mkeka hauna siri. Chochote ulichokipata leo hukitema kesho asubuhi.

Kuna msemo wa Kiingereza ulioingia katika magazeti yetu, kwamba fulani kafagilia mambo chini ya zulia. Kila nikiusoma namuona mfagiaji wa Kizungu na zulia lake zito lisiloinuliwa. Mswahili wa mkeka angeficha nini chini ya kitu kinachoinuliwa kila alfajiri? Tulipotaka kuficha tulikuwa na kanga ya kufunikia kombe mwanaharamu apite, tulikuwa na vyungu, tulikuwa na ndimi zetu. Msemo huo ulitufaa tangu siku tulipoanza kulala na vumbi letu ndani ya nyumba tukiliita pambo.

Tazama pia jinsi neno lenyewe lilivyosafiri. Waajemi wana zilu, busati la pamba linalofumwa Meybod, huko Yazd, mpaka leo; Waarabu wa Ghuba wana zuliya; sisi tuna zulia. Busati nalo ni la Kiarabu, na msala ni wa sala. Mkeka ni wetu wa asili, na mkeka ukizeeka, ukachanika pindo na kutoboka katikati, huwa mbacha, na mbacha ndio tulioupa methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Sijui lugha nyingine iliyolipa heshima kubwa hivyo tandiko bovu. Lakini kwa kitendo chenyewe lugha imetuachia fumbo. Nguo hufuliwa. Chombo huoshwa. Sakafu hupigwa deki. Mtoto huogeshwa, meza hupanguswa, na maiti huoshwa, kama chombo. Zulia je? Mama alisema kufua, maana kwake lilikuwa nguo ya nyumba. Kijana huyu na wenzake wote wanasema kuosha, maana wanaliosha kama gari, kwa povu na mpira wa maji. Nimelifikiria sana, na naona mama alikosea. Nguo unaivua ukaifua ukaivaa tena ukiwa peke yako. Chombo ni cha kupakulia watu.

Nilisema watu. Basi nieleze kilichonileta hapa, maana sikuja kwa mapenzi. Mwanangu wa mwisho ana pumu. Daktari aliuliza kuhusu mito, godoro, paka, kisha akauliza: kuna zulia? Nikasema kwa fahari kidogo, lipo, la Ajemi. Akaandika kitu. Akanieleza kwamba ndani ya zulia wanaishi viumbe wa jamii ya utitiri, wadogo kiasi cha theluthi moja ya milimita, hawaumi wala hawanyonyi damu. Chakula chao ni ngozi. Ngozi yetu, ile inayobambuka kila siku bila ya sisi kuhisi, ikapukutika tunapoketi, tunapovua shati, tunapokumbatiana. Kinachombana mtoto kifua ni kinyesi chao zaidi kuliko wao wenyewe. Baadaye nilisoma kwamba waliothibitisha uhusiano wa viumbe hao na mzio wa vumbi la nyumbani ni watafiti wa Leiden, Uholanzi, Voorhorst na Spieksma, katika miaka ya 1960, na kwamba viumbe hao hunywa unyevu wa hewa kwa miili yao. Hewa ikikaa chini ya asilimia 50 ya unyevu, hunyauka wakafa. Mombasa hewa kavu namna hiyo ni ya kuhadithiwa. Kwetu hata chumvi hulia mezani. Bibi aliyelianika zulia juani saa za mchana, limefudikizwa, alikuwa akiwaua bila ya kujua wapo. Na mama aliyelifungia gizani rangi isipauke alikuwa akiwafuga.

Daktari alishauri tuweke vigae. Nusu ya mtaa imeshaweka vigae, vyeupe, vya kupiga deki asubuhi na jioni, na juu yake vizulia vya nailoni vya Uturuki na Uchina ambavyo vikichafuka hutupwa, vikanunuliwa vingine kabla ya Idi. Sivibezi. Mwenye kifua cha mtoto mkononi hana muda wa kuhifadhi sanaa. Nilikubali kabisa, nikatafuta hata mnunuzi. Kilichonizuia ni ile habari ya ngozi.

Kwa sababu mara ya mwisho zulia hili kutandikwa kwa ajili ya watu ilikuwa matanga ya mama. Hatukuwa na mahali pa kutosha. Mikeka ilijaa uani, majamvi ya msikiti yalikuwa kwa wanaume nje, na wanawake walikuwa wakiendelea kuingia. Shangazi alinyoosha mkono bila ya kunitazama, nami nikautoa ufunguo katika leso ya mama, ile ile, iliyokuwa bado imekunjwa juu ya kitanda. Mlango ukafunguliwa. Walimiminika. Wanawake ambao mama hakuwahi kuwafungulia, wauza mahamri, wasusi, jirani aliyegombana naye kwa miaka tisa juu ya mfereji wa maji, watoto wenye pua za mvua. Siku tatu walikaa juu ya jekundu lile. Walimwaga kahawa. Waliangusha haluwa. Chetezo kilipitishwa na kipande cha kaa kikadondoka, kikaacha tundu dogo jeusi karibu na duara la buluu. Mtoto wa mtu alikojoa. Nami nilikuwa nimeketi pembeni, macho yamevimba, nikiyaona yote haya kwa macho ya mama, nikiyasubiri yanichome, na hayakunichoma. Nililiona zulia kwa mara ya kwanza. Zamani nilihesabu maua. Siku hiyo nilihesabu magoti.

Tangu siku hiyo sikulitia maji. Nimelifagia tu. Nilijidai ni uvivu, nikajidai ni gharama, tena niliwahi kuchomeka na sina hamu. Nitaisema hiyo pia. Lakini daktari alipotaja ngozi nilijua. Humo ndani mna mama. Mna wanawake wale wote, na jirani wa mfereji, ambaye naye ameshatangulia. Si kwa mfano, si kwa maneno ya mashairi: mna vipande vyao hasa, vimeshuka chini pamoja na mchanga. Utafanya nini na maarifa kama hayo? Mwanangu anakohoa usiku kwa sababu ya bibi yake.

Nilimuuliza shehe mmoja, mzee wa heshima, si swali hilo, nilimuuliza la mkojo wa mtoto wa matangani, kwa sababu ni rahisi kuuliza la pembeni kuliko la moyoni. Akanikumbusha jambo ambalo kila mtoto wa chuoni pwani hii amefunzwa na hulisahau akikua: kwamba safi si tohara. Chai iliyomwagika huchafua zulia lakini hailinajisi. Unaweza kusali juu ya doa la chai mpaka mwisho wa umri wako. Mkojo ukikauka ukapotea, usionekane wala usinuke, zulia litaonekana safi kabisa na sala haitaswihi pale mpaka maji yapite. Akaniuliza, mtoto alikuwa wa kiume au wa kike, alikuwa ameanza kula? Maana mtoto wa kiume ambaye hajala kitu ila maziwa, kwa wanazuoni wa Kishafi ambao ndio tuwafuatao, yatosha kunyunyizia maji yakaeneza mahali. Wa kike ni kuosha. Nikasema sikumbuki, shehe, siku ile sikumtazama mtu. Akacheka taratibu. Basi osha, akasema, utapumzika na maswali.

Lakini lililokaa nami ni jingine, alilolisema akiwa ameshasimama. Mbwa akikilamba chombo, huoshwa mara saba na moja yao ni kwa udongo. Na asiye na maji hutayamamu kwa udongo, tena Mashafi wanataka udongo wenyewe uwe na vumbi. Jiwe lililooshwa likang'ara halifai. Vumbi! Adui yangu wa kila asubuhi, niliyemfukuza na ufagio maisha yangu yote, ndiye anayesimama mahali pa maji pasipo maji. Nimelizungusha jambo hilo kichwani bila ya kulifikisha mwisho. Udongo nje ya nyumba ni mtoharishaji, akivuka kizingiti ni uchafu, na siku ya mwisho tunawekwa ndani yake tukaambiwa tumepumzika. Hakubadilika yeye. Ni kizingiti tu. Labda ndiyo maana akili yote ya usafi wa pwani tumeiweka pale, kwenye kile kipande cha sakafu kati ya barabara na nyumba ambapo viatu huachwa. Na ukitaka kujua nyumba ina wageni wangapi, huchungulii ndani, unahesabu ndara.

Wazungu walikwenda njia nyingine, maana wao huingia na viatu. Mwaka 1901 mhandisi wa London, Hubert Cecil Booth, alikwenda kuona mashine iliyopuliza vumbi kutoka kwenye viti, akajiuliza kwa nini isivute badala ya kupuliza. Inasimuliwa kwamba alikwenda kwenye mkahawa, akaweka hanchifu juu ya kiti cha mahameli, akakinyonya kwa mdomo wake mwenyewe mpaka akapaliwa, kisha akaitazama hanchifu imekuwa nyeusi upande wa pili. (Hanchifu kwa Kireno ni *lenço*, ndiyo hii leso ya mama, kitambaa kile kile; kimoja kilionyesha uchafu, kingine kikafunga ufunguo.) Mashine yake ya kwanza ilikuwa kubwa kama gari, ilivutwa na farasi, ikaegeshwa barabarani na mabomba yakaingizwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla ya kutawazwa Edward VII. Mabibi wakubwa wakaalikana chai ili waitazame ikifanya kazi, na bomba lilitiwa kipande cha kioo ili uchafu uonekane ukipita. Hilo ndilo nililolipenda. Walilipia kuuona uchafu wao. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nikitamani mtaro ungefunikwa.

Huko zulia lilikotoka wana adabu zao. Kabla ya Nairuzi, mwezi wa Machi, Waajemi hufanya wanachokiita kutikisa nyumba: kila kitu hutolewa nje, na mazulia hupelekwa kuoshwa. Kusini mwa Tehran, mjini Rey, kuna chemchemi iitwayo Cheshmeh Ali ambapo watu kwa miaka mingi waliosha mazulia yao na kuyaanika juu ya majabali, mlima mzima ukawa umevaa. Nairuzi hiyo hiyo ndiyo iliyotufikia sisi ikawa Siku ya Mwaka, na Makunduchi, Unguja, mpaka leo huitwa Mwaka Kogwa, mwaka wa kuogwa. Zulia limeachwa njiani, maji yamebaki. Na karibu na Kashan, kila mwaka majira ya vuli, kuna siku ya Qalishuyan, kuosha zulia, ambayo UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2012. Huadhimishwa Mashhad-e Ardehal kumkumbuka Sultan Ali, ambaye inasimuliwa kwamba alipouawa, mwili wake ulibebwa ndani ya zulia hadi kwenye kijito ukaoshwa na kuzikwa. Basi watu hulibeba zulia, fimbo mikononi, likapelekwa kijitoni likanyunyiziwa maji. Haliwi chafu, wala haliwi safi. Nilipoisoma habari hiyo niliona haya kwa kuudhani msiba wangu ni wa peke yangu. Kuna mji mzima unaojua kwamba zulia lililombeba mtu halirudishwi ndani hivi hivi, na kwamba dawa yake ni maji, wala si ufunguo.

Nilisema niliwahi kuchomeka. Ilikuwa mama bado yu hai, macho yameanza kumpungua, nami nikataka kumfurahisha kwa Idi. Nikalipeleka kwa mtu aliyesifiwa. Akatumia sabuni ya unga kali, na palipokuwa na doa akamimina dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Sufu ni nywele. Ni ya mnyama aliyekuwa hai, ina mafuta yake, haitaki makali wala maji ya moto. Rangi ya kizamani hujaribiwa kwanza: unalowesha kitambaa cheupe, unakibana kwenye pembe, unatazama kimenyonya nini. Hakujaribu. Lilirudi na kipande cha waridi mpauko, ukubwa wa kiganja, mfano wa kovu la moto. Na halikukaushwa vizuri, mgongo wa pamba ulibaki na ubichi, likanuka ukungu wiki mbili. Mama alipitisha mkono juu ya pahala pale, hakuona ila alijua, kwa vidole. Hakusema neno. Aliomba mto, akauweka juu ya kovu, na mto huo haukuondoka mpaka siku ya matanga, mwanamke mmoja alipoutwaa kuegemea.

Wanawake wa mipasho wana tusi: fulani ni jamvi la wageni. Maana yake kila mpitaji humkalia. Nimelisikia likiimbwa ukumbini watu wakatuza, nami nimetuza. Leo naona tusi hilo limewaonea majamvi. Jamvi halikutukanika kwa kukaliwa. Aibu ni ya nyumba ambayo jamvi lake halikuwahi kukaliwa, likabaki limeviringwa juu ya kabati, jipya, na nondo ndani, maana nondo wa sufu hutaga palipo giza na pasipopita mguu. Zulia la mama halikuliwa na nondo, namshukuru Mungu, lakini lingeliwa. Usafi wake wa miaka arobaini ulikuwa usafi wa ufunguo. Nasema hivi nikimpenda. Alitoka kwenye nyumba ya mkeka mmoja, akarithi kitu kilichotoka baharini, na hakuna aliyemwambia kwamba kitu cha thamani huweza kuchafuka kikaoshwa na kikabaki cha thamani. Mimi pia hakuna aliyeniambia. Nimeambiwa na mtaro.

Kijana aliendelea. Ndoo ya saba yalirudi kuwa chai. Ya tisa chai nyepesi. Jua lilikuwa limepinda, kivuli cha mwarobaini kimefika kwenye kiti changu, na mwenye gari alikuwa ameshalipa akaenda. Jekundu lilianza kutoka, si lile nililolizoea. Jekundu la zamani, la mlangoni, la mikono miwili juu ya miimo. Kovu la waridi lilikuwapo. Tundu la chetezo lilikuwapo. Kijana alivipita vyote viwili kwa brashi bila ya kuuliza, kama daktari anavyopita alama za chale. Akamimina ndoo ya kumi na moja, akasukuma, tukatazama sote wawili yakifika pindoni.

Hayakuwa meupe. Yalikuwa rangi ya maji ya mchele uliooshwa mara moja. Nikamwambia, mwanangu, bado, ongeza ndoo.

"Hapa ndipo tunapoachia, mama," akasema, akikamua brashi. "Tukizidisha, litakalotoka sasa ni rangi yake lenyewe."

Nikamlipa. Akamwita mwenzake, wakalishika pembe nne, wakalitupia juu ya ukuta, uso ndani, mgongo nje.